Umbo la Siku ya Kwanza

Mtoto akishalia, akafutwa na kulazwa kifuani kwa mama yake, macho ya waliopo hupanda kichwani. Iwe Newala, juu ya uwanda wa Makonde, au Masasi, kule chini kwenye vilima vya mawe, furaha ya wodi ya wazazi hufika hapo ikasita kidogo. Kichwa kimerefuka kuelekea kisogoni. Upande mmoja umevimba, mwingine umebonyea. Kidole kikipita taratibu hukuta tuta, mahali mfupa mmoja ulipopanda juu ya mwenziwe. Bibi aliyekuja na khanga na chupa ya uji hutazama, hunyamaza, kisha huuliza: “Nesi, mwanangu, mbona kichwa cha mjukuu kimekuwa hivi?” Nesi naye, mikono ikiendelea na kazi, hujibu: “Usihofu bibi, kitarudi chenyewe.”

Mara nyingi nesi huwa amesema kweli. Ila bibi hakuuliza kama kitarudi. Aliuliza mbona, na ndani ya swali lake mna maswali matatu yanayosukumana: nini kimempata mtoto, nani wa kulaumiwa, na huyu atakuwa mtu wa namna gani. La kwanza lina jibu la kitaalamu. La pili hujibiwa kabla halijafikiriwa. La tatu halina jibu bado, na watu hulijibu hivyo hivyo.

Tuanze na kilichompata. Fuvu la mtu mzima limeshikana likawa kitu kimoja kigumu. La mtoto mchanga bado ni mifupa mbalimbali: miwili ya paji la uso, miwili mipana ya juu, mmoja wa kisogo, na mingine ya pembeni karibu na masikio. Kati yake kuna maungio laini, na pale maungio yanapokutana huachwa nafasi. Kubwa ni utosi wa mbele, ule unaoonekana ukidunda mtoto akinyonya. Ndogo ni utosi wa nyuma. Uchungu unapokolea, kichwa huingia katika tundu la nyonga ambalo halikizidi sana ukubwa. Kikiinama vizuri, kidevu kikagusa kifua, sehemu inayotangulia huwa na upana wa takriban sentimita 9.5. Kisipoinama, upana huzidi sentimita 11, na tofauti hiyo ndogo inaweza kugeuza uchungu wa saa chache ukawa wa usiku kucha. Hapo mifupa husogea. Wa kisogo na ile ya paji huteleza chini ya ile mipana ya juu, kichwa hupungua unene na kuongezeka urefu, mtoto akapita.

Kifungua mimba, ambaye njia yake haijapitwa na mtu, mara nyingi hutoka na kichwa kirefu kuliko wadogo zake watakaomfuata. Aliyetanguliza makalio, au aliyetolewa kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza, hutoka na kichwa cha mviringo ambacho majirani hukisifu. Ngozi nayo hubeba alama: sehemu iliyokabiliana na mlango wa kizazi hujaa maji ikavimba, laini kwa kuigusa. Mkunga mzoefu akiupapasa uvimbe huo anaweza kueleza mtoto alikaa vipi ndani ya nyonga saa za mwisho. Kichwa kinasomeka basi, lakini habari iliyoandikwa hapo ni ya njia. Habari za msafiri hazimo.

Mwaka 2019 watafiti wa Clermont-Ferrand nchini Ufaransa walichapisha picha za vichwa vya watoto saba, zilizopigwa kwa mashine ya sumaku mama zao wakiwa katika hatua ya pili ya uchungu. Vichwa vyote saba vilikuwa vimebadilika umbo, na ubongo ndani ulikuwa umefuata fuvu. Walipotazamwa baada ya kuzaliwa, watano walikuwa wamekwisha kurudia umbo lao la awali. Kwa hiyo hata yule anayesifiwa kwa kichwa chake kizuri huenda alifinywa vilevile. Aliwahi tu kunyooka kabla wageni hawajafika.

Kwa nini njia iwe nyembamba hivyo? Sehemu ya jibu imelala kaskazini mwa nchi hii hii ya Tanzania. Huko Laetoli, jirani na Ngorongoro, kundi la mtafiti Mary Leakey lilifukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Ubongo wao ulikuwa mdogo, lakini walikwisha kusimama, na anayesimama huhitaji nyonga ya kubeba mwili mzima juu ya miguu miwili. Ubongo mkubwa ulikuja baadaye sana, ukaikuta nyonga tayari ina kazi nyingine. Wataalamu wanabishana bado juu ya uzito wa kila sababu, ila mgongano wenyewe kila mkunga anaujua: miguu inayotembea na kichwa kinachofikiri vinakutana mahali pamoja, katika mwili wa mwanamke, usiku mmoja. Njia mojawapo ya kuupunguza mgongano huo ni fuvu kuchelewa kufunga. Utosi wa nyuma hufunga katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo. Wa mbele, mara nyingi, kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, maana ubongo huongezeka takriban mara mbili katika mwaka wa kwanza na unataka nafasi. Binadamu huzaliwa hajamalizika, na kama angekuwa amemalizika asingepita.

Sasa lawama. “Umembana mtoto!” Wanawake wengi waliojifungua katika nchi hii wamelisikia karipio hilo, au wamesimuliwa na dada zao, pale maumivu yalipowafanya wafunge miguu. Baada ya hapo kichwa kirefu hugeuka ushahidi. Wa pili ataongeza kwamba alilalia sana ubavu mmoja. Wa tatu, kwamba aliinama shambani hadi mwezi wa mwisho akiokota korosho. Umbo la mtoto limekuwa hati ya mashtaka, na mshtakiwa bado amelala hoi kitandani. Ukweli ni kwamba kilichokifinya kichwa saa zote zile ni mfupa wa nyonga na nguvu ya tumbo la uzazi, na tumbo la uzazi halipokei amri ya mwenye tumbo. Halijui kuzembea wala kufanya bidii.

Lakini tukishamwachia mama huru, bado tunabaki na kitu kigumu kukimeza: alama isiyo na kosa nyuma yake. Tumezoea kwamba kilichopinda kilipindwa na mtu. Hapa tunakuta mambo mawili mema, akili kubwa na mwendo wa wima, yamebanana mlangoni, na aliyelipa ushuru wa kupita ni mtoto pamoja na mama yake. Kufinywa kule hakukuwa ajali iliyotokea njiani. Ndiko kupita kwenyewe.

Wamakonde wana simulizi ya asili yao inayolijua jambo hili kwa namna yake. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliiweka katika kitabu chake cha mwaka 1908. Mtu mmoja asiyepata kuoga wala kunyoa alitoka katika kichaka cha Mahuta, upande wa kusini wa uwanda, akachonga sanamu ya mti na kuisimamisha makaoni kwake. Usiku sanamu ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili hadi Ruvuma, na huko mtoto wao akazaliwa mfu. Wakavuka hadi bonde la Mbwemkuru, wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporudi juu Mahuta alizaliwa wa tatu, akaishi, na ukoo ukaanza.

Watoto wawili wamekufa katika hadithi hiyo, na hakuna anayemuuliza mwanamke alifanya nini. Hakulala vibaya wala hakula kilichokatazwa. Wahenga waliacha swali la nani wakashika swali la wapi, wakahitimisha kwamba mabondeni yenye mito mna maradhi na juu ndiko kwenye uhai. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, nayo ililipwa kwa miguu ya wanawake, vizazi na vizazi vya kushuka bondeni na kupandisha maji vichwani hadi vijiji vikavu vya uwandani. Hata hivyo namna yao ya kufikiri ilikuwa safi: msiba ukijirudia, chunguza njia kabla ya kumchunguza mpitaji.

Na ndivyo tiba nzuri ya uzazi inavyofikiri. Mwaka 1972 Hugh Philpott na W. M. Castle, wakifanya kazi Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walichapisha chati ya kufuatilia uchungu ambayo wakunga wetu wanaiita patografu. Walikuwa na wakunga katika vituo vya mbali ambao walihitaji kujua ni saa gani mama apakiwe garini kupelekwa hospitali kubwa. Wakachora mistari miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ikiachana kwa saa 4, ili muda wa safari uwe umehesabiwa ndani yake. Swali ni lile la Mahuta: yuko wapi sasa, na anapaswa awe wapi? Kwa mama aliye katika zahanati ya kijiji fulani cha Newala, akihitaji chumba cha upasuaji kilicho mjini, au hospitali ya Ndanda, au ya Mkomaindo pale Masasi, swali hilo ni la uhai na kifo.

Katika patografu iliyosambazwa baadaye na Shirika la Afya Duniani, iko safu ya mifupa ya kichwa. Mkunga hupima kwa kidole, mtoto akiwa bado ndani. Sifuri: mifupa imeachana. Alama moja ya kujumlisha: inagusana. Mbili: imepandana, lakini kidole kinaweza kuitenganisha. Tatu: imepandana na haitengani. Tatu hizo, kichwa kikiwa hakishuki, zinaonya kwamba njia haitoshi na kwamba kungoja zaidi ni kumhatarisha mama na mwana. Mwongozo mpya wa mwaka 2020 nao bado unauliza swali hilohilo. Tazama basi jinsi maana inavyohama. Kupandana kwa mifupa saa 8 usiku, mtoto hajatoka, ni kengele. Kupandana huko huko alfajiri, mtoto ananyonya, ni kumbukumbu. Mfupa haujabadilika, iliyobadilika ni saa, na anayetafsiri alama bila kuuliza saa atakosea pande zote mbili: atatulia palipo na hatari na kuhangaika palipo na salama.

Ndiyo maana “kitarudi chenyewe” ni neno jema likiwa na macho. Urefu wa kichwa hupungua siku hadi siku na kwa kawaida huisha ndani ya wiki. Uvimbe wa maji hukauka katika siku moja hadi tatu. Upo uvimbe mwingine, wa damu iliyokusanyika kati ya mfupa na utando wake: huu huonekana saa kadhaa baada ya kuzaliwa, hukomea kwenye ungio bila kulivuka, na huchukua wiki, pengine miezi. Hautobolewi wala haukandwi, ila mtoto huyo atazamwe asije akawa na umanjano wa macho na ngozi. Na upo wa kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo: uvimbe unaotanda chini ya ngozi ya kichwa na kuzidi kukua, hasa kwa mtoto aliyevutwa kwa kifaa cha kunyonya, naye akapauka na kulegea. Kichwa kinachozidi kupinda kadiri wiki zinavyopita, utosi uliofunga mapema mno, uliotuna au uliodidimia, hayo nayo ni ya kupelekwa kliniki. Subira isiyotazama ni uzembe uliopewa jina zuri.

Mikono ya bibi inaingia hapa. Katika nyumba nyingi huchemshwa maji, kitambaa huchovywa, na kichwa kikakandwa asubuhi na jioni kitengenezwe kiwe cha mviringo. Ni mapenzi, hakuna anayebisha. Lakini wiki ikiisha kichwa kikarudi, sifa huenda kwa kitambaa, na binti aliyekuwa akitazama atakuja kuwakanda wajukuu wake kwa yakini ileile. Hivyo ndivyo imani nyingi zinavyozaliwa: tunafanya jambo wakati jambo linajifanya lenyewe, kisha tunajihesabia. Bibi ana kazi nyingine bora, ya kumbeba mtoto, kumwimbia, kumgeuza asilalie upande mmoja siku zote. Ugumu ni kukubali kwamba kuna umbo ambalo halikuombi ulitengeneze.

Linabaki swali la tatu, la mtu wa namna gani, na historia ya nchi hii inaonyesha mahali linapofikia likipewa wapimaji. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alipokufa mwaka 1898, kichwa chake kilichukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaka kirudishwe. Fuvu lilipokabidhiwa kwa Wahehe huko Kalenga mwaka 1954 na gavana Edward Twining, lilikuwa limechaguliwa miongoni mwa mafuvu yaliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Hayo mafuvu mengine yalikuwa huko kwa sababu palikuwa na elimu nzima iliyoamini kwamba upana na urefu wa kichwa huonyesha kabila la mtu, akili yake, na cheo anachostahili duniani. Mwanaanthropolojia Franz Boas aliitikisa imani hiyo. Alipima karibu watu 18,000 huko Marekani, wahamiaji na watoto wao, na katika ripoti zake za mwaka 1911 na 1912 akaonyesha kwamba hata kipimo cha kichwa kilichodhaniwa ni muhuri wa asili hubadilika mtu akizaliwa na kukulia mahali pengine. Lakini kama wale mabwana wa rula wangekaa wiki moja katika wodi ya wazazi, wangeona kipimo cha Jumatatu kikikanushwa na kipimo cha Jumapili, kwa mtoto yuleyule.

Wamakonde wanajulikana duniani kwa kuchonga, na pengine mchongaji ndiye awezaye kutueleza vizuri tofauti iliyopo. Mchongaji wa mpingo hupunguza. Kila kibanzi kinachoanguka kimekwenda, na anachokitafuta ndani ya gogo hukipata kwa kulinyima gogo sehemu yake. Njia ya uzazi haipunguzi chochote. Inasogeza, inapanga, inabana, kisha inaachia, na kwa kuwa hakuna kilichoondolewa, kichwa kina pa kurudi. Katika maumbo yote ambayo mtu atapewa maishani, hili la kwanza ni la kuazima. Yanayofuata mengi ni ya patasi. Wazee wa Kimakonde walichanja chale usoni na kuvaa kipini cha ndonya kwenye mdomo wa juu, na jando lilikata. Alama hizo zilikusudiwa zibaki. Lakini zilikuja kwa zamu yake, kwa mtu aliyekwisha kupata umri wa kufundishwa, mbele ya watu waliojua wanachokifanya.

Tunasema samaki mkunje angali mbichi, na tunausema msemo huo tukiwa tumeshika fimbo. Mtoto mchanga anatuonyesha nusu yake ya pili: mbichi hukunjika, na mbichi hukunjuka. Hilo ni la kuwafariji waliofinywa mapema katika maisha, mradi hakuna aliyewakata. Hatari ni mkono wetu kuja juu ya kilichofinywa kabla hakijapumua, na kukikaza pale pale.

Tunakikaza kwa majina. Angalia madaftari ya mahudhurio ya shule za kusini: Shida, Tabu, Mashaka, Matatizo. Kila mmoja wao ana hadithi ya siku moja, ya uchungu uliokawia au ndoa iliyovunjika mimba ikiwa changa au msimu ambao korosho hazikununuliwa. Siku ile ilipita. Kichwa cha Shida kilinyooka kabla ya wiki mbili, na Shida mwenyewe leo ana miaka 50, ana duka la vifaa vya ujenzi na wajukuu, na bado cheti chake kinasimulia usiku ambao yeye haukumbuki. Jina kama hilo ni kumbukumbu ya njia iliyobandikwa kwa msafiri.

Jamii hizi zilijiachia pa kutokea. Vijana wa Kiyao, Kimakua na Kimakonde waliporudi kutoka jandoni walirudi na jina jipya, na lile la utotoni likaachwa huko huko. Na kwa Waislamu, ambao ni wengi Newala, sunna imeweka muda mwanzoni kabisa: siku ya saba ndiyo ya akika, mtoto ananyolewa nywele na kupewa jina. Hakuna aliyedai kwamba siku hizo zilipangwa kwa ajili ya mifupa. Lakini zinalingana na mifupa vizuri. Wembe unapopita juu ya kichwa siku hiyo, kwa watoto walio wengi, tuta limeshuka, uvimbe umekauka, na jamaa waliokusanyika wanaona kwa mara ya kwanza kichwa chenyewe. Basi anayetaka kumwita Shida mtoto aliyezaliwa kwa shida, na angoje siku ya saba, akishike kwanza kichwa kilichonyolewa, atafute hiyo shida iko upande gani.